Bahari ya Sebuleni

Kabeza, Kigali
11 Januari 2025

Dada Febronia,

Hapa wote wazima isipokuwa goti la wifi yako Kayitesi, ambalo tangu Krismasi linatabiri mvua na kukosea. Mimi nimestaafu tarehe 31 Desemba, baada ya miaka ishirini na minane ya kupima viwanja vya watu. Kazini walinipa saa ya ukutani na keki. Saa inakimbia dakika nne kila siku. Keki iliisha salama.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu namba yangu umeifunga kwenye simu yako tangu 2019, na kwenye kundi la ukoo ulitoka bila kuaga. Silalamiki. Naeleza tu kwa nini nimenunua stempu.

Habari kubwa: binti yetu Sangwa anaolewa. Kijana anaitwa Norman, amekulia Kampala, anafanya kazi ya bima na anakula sana. Gusaba, siku ya watu wake kuja kumwomba, ni Jumamosi tarehe 23 Agosti hapa nyumbani. Unajua desturi ya kwetu: upande wetu ukiulizwa kama binti atolewe, anayesema neno ni nyirasenge, shangazi yake. Sangwa ana shangazi mmoja tu duniani. Anasema bila wewe hatoki chumbani. Mimi sijasema kitu, napitisha ujumbe.

Sasa jambo lenyewe. Najenga bahari sebuleni.

Usicheke kwanza, soma vipimo. Tangi la kioo, urefu mita tatu, upana sentimita tisini, kimo themanini. Kioo cha milimita kumi na tisa. Lita 2,160. Ndani mwamba, matumbawe, samaki wa rangi zote. Nina miaka sitini na moja na sijaona bahari. Karagwe tulikokulia haikuwepo, Kigali haipo, na Tanga sikuja kwa sababu tunazozijua. Basi itakuja yenyewe, na nataka iwe tayari kabla ya ile Jumamosi.

Naomba kujua: unaweza kunitumia matumbawe kwenye ndoo? Sakafu iwe ya namna gani? Chumvi ni ipi? Najua huko Tanga kuna watu wanaojua kuwaweka viumbe wa bahari hai nje ya bahari. Wengine wako karibu na wewe.

Mdogo wako,
Benon

*

Chumbageni, Tanga
9 Februari 2025

Benon,

Barua imefika Jumanne, imelowa kona ya kushoto. Sisi hatujambo. Mpwa wako Cynthia amejifungua mtoto wa pili, wa kiume, mwenye kichwa cha marehemu baba. Tunasubiri mwili ukifikie. Mimi bado nafundisha hesabu za ziada watoto watano wa jirani, wawili wanaelewa.

Hongera kwa Sangwa. Mwambie shangazi yake amefurahi, na asimame hapo hapo alipo.

Hao “watu walio karibu na wewe” wana jina. Ni mmoja, anaitwa Usumani, ni mume wangu kwa mwaka wa thelathini na tatu, na kazi yake ni kuwaweka kambakoche hai kwenye matangi hadi hoteli zije kuwachukua. Tarehe 14 Septemba 2019, siku tuliyomaliza msiba wa baba, ulisimama na glasi mkononi mbele ya watu sitini na wawili ukasema mume wangu ananuka samaki na akae karibu na mlango. Hao sitini na wawili niliwahesabu baadaye kwenye picha. Kumi na moja wanacheka.

Nitakuja kwenye gusaba siku utakapolitengua neno hilo. Kwake, kwa jina lake. Si kwangu, mimi sikusemwa.

Kuhusu bahari yako. Matumbawe hayatoki hapa kwenye ndoo. Kuyavunja na kuyasafirisha ni kosa, na sitafungwa kwa ajili ya sebule yako. Yapo yanayokuzwa kwenye matangi na kuuzwa kwa vibali, lakini hayo ni ya mwisho kabisa. Maji yako peke yake yatapita kilo elfu mbili na mia mbili, kioo kitapita mia nne, na bado mawe. Chini ya sakafu yako kuna nini? Umeme ukikatika na pampu ikisimama, una saa chache tu kabla hewa haijaisha majini. Nunua betri kabla ya kununua samaki. Na chumvi usiiguse. Mtu wa kuniambia habari za chumvi yuko Pemba hadi mwisho wa mwezi.

Dada yako,
Febronia

*

Kabeza
30 Machi 2025

Dada,

Pokea salamu na pole kwa hao watatu wasioelewa. Goti la Kayitesi limetabiri mvua na safari hii ikanyesha, sasa hatuwezi kumwambia kitu.

Sakafu iko tayari. Nimechimba, nimeweka mawe na zege la sentimita ishirini. Ungeweza kuegesha lori sebuleni.

Tangi lenyewe liliwasili Alhamisi kutoka kwa fundi wa vioo wa Muhima. Hapa nitakuwa mkweli, maana Sangwa atakwambia hata nisipokwambia. Tangi lina kimo cha sentimita themanini na mlango wetu una upana wa sentimita sabini na sita. Tuliligeuza kila upande ambao Mungu ameuruhusu. Kayitesi alisimama kizingitini na chai yake.

“Benon,” akasema, “wewe umepima Kigali nzima. Mulango yako hukupima?”

Tumebomoa dirisha la mbele na ukuta ulio chini yake. Wajenzi kumi na wanne wa nyumba ya ng'ambo ya barabara walilibeba, kilo mia nne ishirini na tano, wakiimba wimbo usiofaa kuandikwa. Kwa sasa dirishani kuna turubai.

Kuhusu chumvi, sikusubiri. Shemeji Jolly, kaka yake Kayitesi, alipita akitoka Kasese na magunia mawili ya chumvi ya Katwe, kilo hamsini kila moja. Ukoo mzima wa Kayitesi umekua kwa chumvi hiyo, watu na ng'ombe. Nimeiyeyusha majini, kipimo kinasoma 1.025, sawasawa na bahari. Namba ni namba. Samaki kumi na wanne wanakuja kwa ndege tarehe 24 Aprili.

Kuhusu lile jambo la 2019: wasalimie wote hapo nyumbani.

Benon

*

Tanga
8 Aprili 2025

Benon,

Tu wazima. “Wote hapo nyumbani” ni mimi, Usumani na paka. Paka amepokea salamu.

Soma hii umesimama. Usiweke samaki. Chumvi ya Katwe inatoka kwenye ziwa la volkano. Ina magadi na mengine ambayo bahari haina kwa kiasi hicho. Inafaa nyama, inafaa ng'ombe wa wifi yangu, haifai samaki wa bahari hata mmoja. Kipimo chako kinajua maji ni mazito. Hakijui yamefanywa mazito na nini. Mwaga yote. Tafuta chumvi inayotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari, weka mawe, washa pampu, halafu kaa wiki sita bila kiumbe chochote ndani, hadi vijidudu vinavyokula uchafu viote kwenye mawe. Bila hivyo, samaki wanakufa kwa mkojo wao wenyewe.

Wiki sita, Benon. Uangalie mawe.

Namba yako siifungui, ila barua hii naipeleka kituo cha mabasi mwenyewe. Ukiipata, jibu hata neno moja.

Febronia

*

Kabeza
11 Mei 2025

Dada,

Natumaini mtoto wa Cynthia anaendelea vizuri, kichwa na mwili. Huku afya zipo.

Barua yako imefika tarehe 29 Aprili. Samaki walifika tarehe 24. Wa kwanza alikufa baada ya saa mbili na dakika arobaini, wa mwisho kesho yake kabla ya chakula cha mchana. Kumi na mmoja niliwatoa kwa wavu. Watatu walifia nyuma ya mawe nisipofika, na pampu ikaendelea kuzungusha supu ile usiku na mchana, kwa sababu nilikuwa nimenunua betri kama ulivyoagiza. Umeme ulikatika mara tatu. Pampu haikusimama hata mara moja.

Kwa wiki mbili nyumba hii imenuka, Dada. Sitatumia neno jingine. Kayitesi amehamishia kitanda upande wa jikoni. Maneno yake: “Mimi nilikimbia vita, nilikaa kambini, sijawahi kaa ndani ya samaki. Ikifika ile siku ya Sangwa na hii kitu iko nanuka, naimwaga, naweka mahindi ndani. Iko ghala nzuri sana.” Hatanii. Ameshaongea na mtu wa mahindi.

Sasa sikiliza hili. Jumapili tarehe 4 watu wa Norman walikuja kujitambulisha. Tarehe ilipangwa tangu Februari, haikuweza kuahirishwa. Baba yake mkubwa, Mzee Oswald, mtu mstaarabu mwenye tai, aliingia, akasimama katikati ya sebule, akaangalia tangi, akaniangalia mimi. Akatoa leso.

“Nitakaa hapa karibu na mlango,” akasema. “Hewa ni nzuri.”

Kila mtu alicheka kidogo, kwa adabu. Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sina haja ya kuieleza. Tuendelee.

Niambie: maji haya niyamwage wapi? Mawe yatafaa tena au yamekufa? Ile chumvi ya matangi inapatikana Nairobi? Vijidudu nitajuaje vimeota? Zimebaki wiki kumi na tano.

Benon

*

Tanga
1 Juni 2025

Benon,

Tu wazima. Poleni kwa msiba wa samaki.

Umeandika kurasa mbili na jina moja halimo. Nilizisoma kwa sauti jikoni. Kuhusu Mzee Oswald nilisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilishindwa kumaliza kwa kucheka.

Nikueleze jambo ulilokwisha kulijua. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Sijui magadi, sijui vijidudu, sijui pampu. Kila nilichokuandikia alikuwa akinisomea Usumani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na kila mara anauliza, “Ameelewa lakini?” Yeye hajawahi kuniomba nikudai kitu. Ninayedai ni mimi. Kwa hiyo leo nimemwambia anyamaze. Maswali yako manne nimeyaweka mezani na yatakaa hapo.

Sangwa ameniandikia naye. Anasema gauni liko tayari na anaweza kukaa chumbani nalo hadi lizeeke. Huyo ni wa kwetu.

Febronia

*

Kabeza
22 Juni 2025

Dada,

Tumeamka salama. Sangwa hasemi na mimi, anasema na tangi.

Barua hii umpe Usumani. Mimi si mtu wa maneno mengi ya aina hii, nitaandika kama tunavyoandika masahihisho ya ramani: kosa, mahali, sababu.

Tarehe 14 Septemba 2019, hapa Kabeza, nilisema shemeji yangu Usumani ananuka samaki na akae karibu na mlango. Haikuwa kweli, na hata ingekuwa kweli sikuwa na haki ya kuisema.

Sababu ni hii. Wiki tatu za mwisho baba alikataa kunyolewa na mtu yeyote isipokuwa Usumani. Mimi ni mwanawe wa kiume, nilikuja na wembe mpya na bakuli la maji ya moto, akanisukuma mkono. Akasema, “Mwite Usumani, wewe unanikwaruza.” Usumani aliingia, akamshika kidevu kwa vidole viwili, baba akafumba macho. Nilisimama mlangoni na bakuli hadi maji yakapoa. Siku ya kumaliza msiba niliwaona watu wanampa yeye mkono wa pole kabla ya kunipa mimi. Basi nikasema nilichosema.

Shemeji, naomba radhi. Matangi hayahusiki. Hata kama samaki wote watakufa tena, naomba radhi.

Dada, nimemaliza. Maswali yangu manne unaweza kuyatupa.

Benon

*

Tanga
6 Julai 2025

Benon,

Barua yako imefika jana saa tisa alasiri. Usumani alikuwa ameondoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa basi, kuja kwako.

Sikumtuma. Nilimkataza. Tangu niliposoma habari ya samaki kumi na wanne alikuwa hatulii. Si kwa ajili yako, kwa ajili ya samaki. Amebeba vipimo vya maji, mabomba mawili na nguo tatu. Chumvi ameiagiza Nairobi, itamkuta huko. Aliniambia, “Mama Cynthia, nyinyi gombaneni. Mtu akinunua samaki wengine kabla sijafika, nitaumwa.”

Kwa hiyo hajui uliandika nini. Nimeisoma, nimeiweka kabatini, na simpigii simu kumwambia. Habari ya wembe sikuijua.

Lakini neno lile ulilisema kwa mdomo mbele za watu. Karatasi iliyo ndani ya bahasha ina msomaji mmoja, na si yeye wala si wao. Litengue vile vile ulivyolitoa. Hapo nitapanda basi.

Usumani hali chumvi nyingi. Na chumba cha wageni kiwe na dirisha, si turubai.

Febronia

*

Kabeza
27 Julai 2025

Dada,

Mumeo ni mzima. Anakula kidogo, anaamka saa kumi na moja, anaswali, anapima maji, anaandika kwenye daftari, halafu ananiamsha anisomee. Ijumaa anakwenda msikitini Rwezamenyo na kurudi na watu wanaotaka kuona wazimu wangu. Kayitesi anamsifu hadi inachosha. Nyumba hainuki kitu. Maji ya Katwe tuliyamwaga bustanini, na kuna mstari wa majani makavu kutoka dirishani hadi getini ulionyooka kuliko mpaka wowote nilioupima.

Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa juu ya ngazi, mkono wote ndani ya tangi hadi bega, akipanga mawe. Nikasema, “Shemeji, kuna neno nataka kukwambia.” Akasema, “Niambie, lakini shika tochi. Hapo. Hapana, hapo.” Nikashika tochi dakika arobaini. Mara ya pili ilikuwa mezani, na Jolly akapiga simu kuuliza kama bado tunataka chumvi.

Jana ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tulizibua mtaro, Usumani naye na jembe. Ukiisha mtaro kunafuata kikao cha mtaa, unakijua. Mugabo, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, alimaliza habari za mbwa na za takataka, akauliza, “Mengineyo?”

Nikanyoosha mkono. Nilihesabu watu kabla ya kuanza: themanini na watatu. Nikasema jina langu kana kwamba hawanijui. Nikasema tarehe, nikasema nilichosema siku ile, nikasema ni uongo na kwamba Usumani huyu hapa ndiye niliyemsema, na namwomba radhi mbele yao. Habari ya wembe sikuisema. Hiyo ni yenu.

Mugabo alikuwa ameshika kalamu ya kumbukumbu za kikao, hajui aandike nini. “Mzee Benon, umemariza?”

Nikasema nimemaliza.

Ndipo Kankindi, yule bibi mwenye duka la mkaa, akainuka kwa fimbo yake. “Ngoja kwanza. Hatuwezi pokea kitu hatujui. Nimunuse.” Akamwendea Usumani, akamwinamisha kwa kola, akamnusa shingo upande wa kulia, kisha wa kushoto. Watu themanini na watatu wanasubiri. Akageuka: “Huyu iko nanuka sabuni. Sabuni ya bei.”

“Kikao kimepokea,” akasema Mugabo, akaandika.

Walicheka hadi jembe la mtu likaanguka mtaroni. Nikadhani imekwisha. Usumani akaomba nafasi ya kusema.

“Majirani, nashukuru,” akasema, kwa kile Kiswahili chake cha Tanga kinachofanya kila kitu kionekane kimepigwa pasi. “Ila nisiondoke na sifa isiyo yangu. Siku ile nilikuwa nanuka kweli. Baada ya mazishi tulirudi Tanga, tukaja tena kumaliza msiba na maboksi ya kambakoche kwa ajili ya wageni, na maji ya barafu yalinimwagikia njia nzima kutoka mpakani Rusumo. Sikupata pa kuoga.” Kisha akanigeukia. “Na wewe, shemeji, ulikula watatu.”

Nilikula wanne. Sikumsahihisha.

Dada, sijawahi kukuomba tangu mwanzo, nilikuwa napitisha ujumbe wa Sangwa. Sasa naomba mimi. Njoo.

Kuhusu bahari: ina maji, mawe na taa. Usumani anasema samaki si kabla ya Septemba, na hataki mjadala. Mzee Oswald atakuja na watu wake mia moja kuangalia mawe.

Benon

*

Tanga
5 Agosti 2025

Benon,

Usumani alinipigia jioni ile ile, akanisimulia kwa sauti ya kucheka, nikamwacha amalize kabla ya kumwambia kuna barua yake kabatini. Nitamletea.

Ndiyo, alikuwa ananuka. Nilikaa naye garini siku mbili, nani ajue kunizidi? Kumwambia ilikuwa kazi yangu, nami nilikwisha kumwambia, tukiwa wawili.

Nitafika Jumatano tarehe 20 na Cynthia na watoto wote wawili. Tutahitaji godoro moja zaidi. Wifi yangu asipike chochote cha baharini. Mwambie Sangwa atoke chumbani, apate hewa, bado siku nyingi.

Neno la shangazi nimeshaliandika. Ni kurasa saba, na katikati kuna maswali ambayo bwana harusi atayajibu amesimama. Mwambie Norman ale kwanza.

Febronia